Mwanangu, dudh chitoi pika, rosh mbichi usinywe

Mwanangu,

Nakuandikia usiku huu manake mchana nikianza tu unanambia mama nshasikia, afu unarudi kwenye simu yako. Basi soma ukiwa ndani ya ndege, huko huna pa kunikimbilia.

Kwanza kabisa, rosh mbichi, ule utomvu mtamu wa mtende wa kule, usinywe. Najua utaamshwa alfajiri, baridi ya mwezi wa kwanza kule Jashore, Bangladesh, unaijua, gachi, mgema wao, anashuka mtini na vyungu vyake na ami zako watakuja mbio na glasi, bibi harusi mtarajiwa kaja, mpeni ya kwanza kwanza. Watakwambia ndo sifa ya Jashore hiyo, wana na msemo wao kabisa, Jashorer josh, khejurer rosh, yaani fahari ya Jashore ni rosh ya mtende. Sema tumbo linakuuma. Sema umefunga. Popo usiku anakuja kulamba pale mti ulipochanjwa, anakojoa humo humo chunguni, na virusi vya Nipah ndo vinapoingia. Wewe umesoma famasia, mie sijasoma, na nakusifu kwa kila mtu hapa Mwembetanga mpaka wamechoka kunisikia, lakini nakujua, mbele ya wakubwa haya inakushika na kukataa hujui. Kule ugonjwa huu wameanza kuuona 2001, na karibu kila baridi unachukua watu, wakiugua kumi wanakufa kama saba, chanjo hakuna. Homa, kichwa, afu mtu anaanza kuropoka.

Ikichemshwa ikawa gur, sukari guru yao, haina neno, ile inatokota saa na saa kwenye sinia kubwa mpaka inageuka rangi. Kwa hiyo dudh chitoi, ile mikate ya mchele inayolowekwa kwenye maziwa, ule utakavyo na umpikie dadi yako, mama wa baba yako, ale, ndo maana nimekubali kukuandikia mapishi, ingawa miaka yote ile nikikuita jikoni ulikuwa na asaimenti. Haya, sasa asaimenti imekuja kwa bibi wa miaka themanini na mikono inamtetemeka.

Mchele uwe atop, ule ambao haukuchemshwa na maganda yake. Ule wanaokula kila siku nyumbani ni wa kuchemshwa, unga wake haushiki, utalia. Vikombe viwili vya chai, roweka tangu asubuhi, chuja, tandaza juu ya kitambaa ukauke kidogo tu, saga. Dadi atataka utwange kwenye dheki, ile ya kukanyaga kwa mguu, mwambie blenda ipo. Chekecha. Tia chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka uwe mwepesi kuliko wa vitumbua, sukari usitie, hamira usitie, uache upumzike nusu saa. Ukiwa mzito chitoi inakuwa gumu ndani na haitakunywa maziwa, na chitoi isiyokunywa maziwa ni kama umempa mtu jiwe.

Chuma cha vitumbua kikishika moto pangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo, mimina, funika, nyunyizia maji pembeni ya kifuniko. Dakika mbili tatu. Ukifunua juu pawe na vitundu vitundu. La kwanza litaganda, hata dadi mwenyewe la kwanza lilikuwa linamganda, mpe kuku.

Sasa gur. Siku hizi wanachanganya sukari, ya kweli ukiivunja ndani ni laini na ina harufu ya moshi, ikiwa ngumu inametameta punje punje iache hapo hapo sokoni. Nusu kilo, iyeyushe na maji mbali, ichuje, utakuta mchanga na manyoya ya sijui nini. Maziwa lita mbili uyachemshe mpaka yapungue robo, tia nazi ya kukuna kama kuna mtu wa kuikuna. Na hapa nisikilize: maziwa yakiwa motoni gur usitie. Epua, yaache mpaka kidole kinavumilia, na gur nayo iwe imepoa, ndo uchanganye. Gur ina ukali wake, maziwa yanakatika mbele ya macho yako. Mie nilikata lita tatu mwaka wangu wa kwanza pale, wageni wameshakaa, na dadi yako hakusema neno, alichukua sufuria akaenda kumwaga nyuma ya nyumba mtu asione. Mama mkwe wa namna ile mie sikumtendea haki, lakini hayo si ya barua hii.

Chitoi zitie zikiwa bado moto, funika, lala. Asubuhi zimevimba. Zinaliwa baridi.

Asubuhi hiyo hiyo ndo gachi anapita, umenielewa. Ule chitoi, rosh ipite.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Ile baridi ya 2006 ulipopata homa siku nne ukiwa na miaka mitano, baba yako alidhani ni mafua ya kijijini, na kweli ilikuwa mafua, Alhamdulillah. Lakini watu walikuwa washaanza kusema, mwaka mmoja nyuma ilitokea Tangail watu wakanywa rosh wakafa, mwalimu mmoja pale alitukataza kabisa. Mie nikaona maneno ya watu. Kikombe ulichonywea nilikishika mie, ulikuwa unacheka na povu mdomoni. Siku nne zile nilikaa naangalia kama unanijua jina. Kwa hiyo ukiniona nakera, nakera.

Dadi akikuuliza kwanini bouma, mkwewe, haji, mwambie miguu. Kweli miguu inaniuma. Ukienda kaburini kwa baba yako nisomee na mie Yasini, na uangalie kama ule mtende wa khejur pembeni ya ukuta bado upo au wameukata, watu wa kule siku hizi wanaiuza kuni kwa wachoma matofali. Ni ndugu wa mkindu wetu, sijui kwanini naufikiria.

Njia siku hizi rahisi, basi linapita daraja la Padma, si kama sisi tulivyokuwa tunakwama kwenye feri ya Paturia kwa ukungu na wewe unalia. Pesa zako usiweke sehemu moja. Mdogo wako ada nimelipa nusu, nyingine mwezi wa pili inshallah, usimtumie kitu, atanunua viatu. Friji fundi kaja kasema ni gesi, kachukua elfu thelathini na bado haigandishi. Paka kazaa tena juu ya kabati lako, nguo zako nimezitoa.

Chuma cha vitumbua nimekifunga ndani ya khanga ya dadi, chini ya begi, manake khola yao ya udongo najua ishapasuka siku nyingi. Karafuu ziko kwenye kopo la maziwa. Kilo zikizidi eapoti toa viatu vyako, chuma usitoe.

Asubuhi ya kwanza ukishaamka nipigie kabla hujatoka uani. Kwenu itakuwa saa kumi na mbili, gachi ndo anashusha vyungu. Kwetu ni saa tisa usiku, nitakuwa macho.

Mama