Heri ya Krismasi, na mashua ya Locarno

Ndugu, jamaa na marafiki, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote: mliobaki mjini kulinda nyumba, mlio njiani kwenda Moshi "kuhesabiwa", na mlio ughaibuni mnaotupigia simu ya video mkiwa mmejifunika makoti.

Desemba ikiingia huwa nawakumbuka Aristide Briand wa Ufaransa, Gustav Stresemann wa Ujerumani na Austen Chamberlain wa Uingereza. Desemba 1, 1925, mjini London, walitia saini mikataba ya Locarno, ya kuahidi kwamba mipaka ya Ujerumani na majirani zake wa magharibi haitabadilishwa kwa nguvu. Walikuwa na kila sababu ya kununiana. Vita Kuu ilikuwa imekwisha miaka saba tu nyuma, na majeshi ya Ufaransa yalikuwa yametoka bonde la Ruhr, nchini Ujerumani, Agosti ya mwaka huohuo.

Ninachokipenda zaidi ni kilichotokea Oktoba, kule Locarno kwenyewe, Uswisi. Mazungumzo yalikwama kwenye ibara ya 16 ya katiba ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations, lililotangulia Umoja wa Mataifa), iliyowataka wanachama wasaidiane dhidi ya nchi inayoanzisha vita. Wajerumani, waliokuwa wamenyang'anywa silaha, walihofia kwamba wakijiunga wangeburutwa kwenye vita na Urusi. Oktoba 10 ikakodiwa mashua iitwayo Fiore d'Arancio, ikasemwa kwamba ni sherehe ya kuzaliwa ya mke wa Chamberlain. Mkewe alikuwemo kweli, lakini humo ziwani Maggiore, saa nyingi mbali na waandishi wa habari, ndimo yalimopatikana maneno ya kuikwamua ibara hiyo: kila mwanachama asaidie kwa kadiri hali yake ya kijeshi na mahali ilipo nchi yake vinavyomruhusu. Mikataba ikakamilika Oktoba 16, siku Chamberlain alipotimiza miaka 62. (Sherehe mbili za kuzaliwa katika mkutano mmoja! Hata kamati zetu za harusi hazijafika huko.)

Mwaka uliofuata, Ujerumani ilipopokewa katika Shirikisho huko Geneva, Briand na Stresemann waliwatoroka waandishi wakaenda kula mchana kwenye hoteli ndogo ya kijiji cha Thoiry. Walipanga makubwa: Ufaransa iondoke mapema Rhineland, eneo la Ujerumani lililokuwa bado na majeshi yake, Ujerumani itoe fedha za kuisaidia faranga iliyokuwa ikiporomoka. Mpango haukufika popote. Faranga ikapata nguvu yenyewe, na huko nyumbani kwao wengi hawakuutaka. Wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1926, Stresemann akafariki Oktoba 1929, na Machi 1936 Hitler akaingiza askari Rhineland kinyume cha mikataba, Locarno ikabaki karatasi.

Basi wapo wanaosema yote yalikuwa tabasamu za picha. Mimi sikubaliani nao. Ule ucheshi uliwafikisha mahali pa kuongea; kazi iliyobaki ilihitaji bunge, fedha na wapiga kura, na huko haikumaliziwa. Lawama yangu ni nyingine. Uungwana wao ulikuwa wa wao kwa wao. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho hilohilo, ikitawaliwa na Waingereza, na mwaka 1927 Mjerumani akapewa kiti katika tume iliyosimamia nchi za udhamini. Waliokuwa wakijadiliwa ni babu zetu, na hakuna aliyewakaribisha hata kwenye mlango wa ukumbi.

Nayaandika haya kwa sababu najua wiki hii kuna ndugu watakutana uani ambao hawajasalimiana tangu kihamba, yaani shamba la ukoo, kigawanywe. Uchagani mkosaji hupeleka jani la isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa huona vigumu kukataa. Jani halipimi mpaka. Mpaka utapimwa baada ya sikukuu, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, na tafadhali dada zetu waitwe pia, maana kwenye vikao vingi vya kihamba wao ndio wanaojadiliwa bila kukaribishwa. Kwa siku ya Krismasi yenyewe inatosha mtu kumsogezea kaka yake kiti na kumkatia nyama.

Mama mdogo, ndizi za mtori usizimenye zote kabla hatujafika. Vijana wa Dar, kateni tiketi mapema, nauli hupanda na mabasi hujaa. Wa Nairobi, tunawasubiri Namanga. Tuonane nyumbani.