Barua kwa vijana wangu mnaojiita makuhani

Bwana asifiwe wanangu. Nawaandikia nyinyi mlioanza kuhubiri juzi juzi hapa, maana nasikia wengi mnajitambulisha kama makuhani wa madhabahu, na mtu akishajiita hivyo kinachofuata ni sadaka tu, leta ya kufungua mlango wa ndoa, leta ya kujimaliza yaani yote uliyonayo, mwisho mama wa watu anayeuza mchicha anatoka ibadani hana hata nauli. Inaniuma sana. Naomba tufungue Mambo ya Walawi tuone kuhani wa Israeli alikuwa anafanya nini hasa.

Kuchinja mnyama wa sadaka kwa kawaida haikuwa kazi yake. Sura ya 1 inasema mwenye ng'ombe ndo anaweka mkono kichwani mwa mnyama na ndo anamchinja, kuhani anaanzia kwenye damu, anainyunyiza pande zote za madhabahu alafu anapanga kuni na vipande vya nyama juu ya moto. Akiletwa njiwa hapo ndo kuhani anamnyonga mwenyewe. Kwahiyo mtu hakuja kukaa atubiwe, alishika kisu yeye.

Alafu kuna majivu, sura ya 6, hapa huwa mnaruka. Moto haukutakiwa kuzimika, na asubuhi kuhani anavaa nguo zake za kitani, anayazoa majivu anayaweka kando ya madhabahu, anabadilisha nguo, anayabeba mpaka nje ya kambi mahali safi. Huyo huyo aliyetiwa mafuta matakatifu ndo anazoa majivu! Nani kati yenu anafagia kanisa kabla watu hawajafika?

Na bei ya sadaka hakupanga yeye. Sura ya 4 ukiisoma vizuri utaogopa, kuhani aliyetiwa mafuta akitenda dhambi analeta ng'ombe dume, sawasawa na taifa zima likitenda dhambi, mtawala analeta beberu, mtu wa kawaida mbuzi jike au kondoo jike. Yaani cheo kikipanda gharama inakuangukia wewe, sio wale unaowahudumia. Sura ya 5 inashuka mpaka chini kabisa, asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hao alete unga sehemu ya kumi ya efa, kipimo chao cha nafaka, bila mafuta wala ubani, na anasamehewa vilevile kama wenzake. Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka anataja sadaka ya ndege wawili, ile ile ambayo Walawi 12 inampa mama asiyeweza kondoo, na hakuna aliyewarudisha nyumbani wakatafute kubwa zaidi.

Sisemi mtumishi asile, hapana. Sadaka ya amani ilimpa kuhani kidari na paja la kulia, ya kuteketezwa ilimpa ngozi. Imeandikwa. Ila soma 1 Samweli 2 uone wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, kule Shilo, mtumishi wao anakuja nyama ikiwa inatokota, anachoma uma wa meno matatu kwenye chungu, chochote kinachoibuka ni cha kuhani, na wakazidi wakawa wanataka nyama mbichi kabla hata mafuta ya mnyama hayajateketezwa kwa Bwana. Anayetoa sadaka akiwaambia subirini mafuta yateketezwe kwanza, anajibiwa toa sasa hivi la sivyo nachukua kwa nguvu. Mwananchi wa kawaida anamkumbusha kuhani sheria ya kuhani, na bado anatishiwa. Hao wana wawili wa Eli walikufa siku moja.

Wanangu, naomba kabla ya Jumapili kila mmoja asome Walawi 4 mpaka 7 mwenyewe, sio kwa kusimuliwa, na yule mama wa mchicha mkimkuta tena mstari wa mbele na ile noti yake ya mwisho, mwambieni akanunue unga wa watoto.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa.