Baba, hoteli hii ni rika la reli yetu

Honolulu, Hawaii
Jumamosi usiku

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti la Mama limepoa. Huku ni saa mbili usiku, Jumamosi. Nyinyi hapo Kaloleni, Kisumu, mmeshaingia Jumapili, saa tatu asubuhi, na bila shaka redio yako inapiga kelele dirishani.

Yule bibi ninayemtunza kule California aliamua tuje huku, saa tano angani, aione tena bahari ya Waikiki. Kazi yangu ni kusukuma kiti chake cha magurudumu. Jana akataka tufike Moana, hoteli kongwe kuliko zote ufukweni hapa. Hatukulala. Tulikunywa chai tu, na hata hiyo karibu inipalie nilipoona bili.

Baba, ni hoteli ya mbao! Nyeupe tupu, nguzo ndefu mbele, huku maghorofa ya zege yakiizunguka kama askari. Ilifunguliwa Machi 1901. Nikakukumbuka papo hapo, maana umetuimbia tangu utotoni kwamba reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu yetu ya leo, Desemba 1901. Kumbe ni rika moja. Na wenyeji wa huku nao walikuwa wametoka kupokonywa nchi: malkia wao aliondolewa 1893, na 1898 Marekani ikavichukua visiwa.

Ilikuwa na vyumba 75, kila kimoja na simu na bafu lake, na lifti ya umeme ya kwanza visiwani. Lakini hilo si la kukusimamisha kazi. La kukusimamisha ni hili: kila ghorofa ilipewa mbao za aina yake. Mwaloni, mahogani, maple, mcheri, na koa, ambao ni mti wa hukuhuku. Koa ina wekundu kama mahogani, ila mistari yake hucheza ukisogea mwangani. Ukarabati mkubwa uliomalizika 1989 uligharimu dola milioni 50. Hebu niambie hizo ni randa ngapi pale soko la Kibuye.

Uani, upande wa bahari, kuna mbanyani, jamaa ya mkuyu, unaoshusha mizizi kutoka matawini hadi ardhini. Ulipandwa 1904, leo unafunika ua karibu wote. Chini yake ndipo kilipoanzia kipindi cha redio cha muziki wa Hawaii, mwaka 1935, kikisikika ng'ambo ya bahari. (Usimsomee Mama hili: mama mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Stanford alifia humo 1905, na wachunguzi wakasema ni sumu. Mama atanikataza kunywa chai ya watu.)

Bibi alisinzia barazani, nami nikapata nafasi. Baraza lina viti vya kubembea vimepangwa vikitazama barabara. Nikapiga magoti nikakipindua kimoja kidogo nione miguu ilivyoungwa. Mlinzi huyo! Akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia baba yangu ni seremala, Kisumu, Kenya. Akacheka, "Kenya! Obama!" Nikamweleza kwamba Obama alizaliwa mjini humuhumu, lakini baba yake alitoka Kogelo, si mbali na kwetu, akaja kusoma hapa 1959. Basi akaniachia nimalize.

Nimepima kwa shubiri yangu, maana futi sikuwa nayo. Kikalio shubiri mbili na nusu kwa upana, mgongo nne na vidole viwili, mikono imepinda kidogo mbele ili mtu ajisukume anaponyanyuka. Kwa goti la Mama naona kitafaa. Tumia mvule, usimtilie saiprasi. Niambie bei ya mbao nitume mwisho wa mwezi. Picha za miguu nimemtumia Kaka kwenye simu. Mwambie asizifute kama zile za harusi.

Binti yako, mshika msumeno