Kalsiamu peke yake haiziinui seli zilizozeeka

Ndugu Mhariri,

Kila mifupa ya wazee inapozungumzwa, ushauri huishia kwenye maziwa na vidonge vya kalsiamu. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mzee anaweza kula vizuri miaka yote na bado akavunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.

Mfupa si jiwe. Mchana na usiku kuna seli zinazoumung'unya mfupa uliochakaa, na nyingine zinazokuja nyuma yake kuziba shimo. Kumung'unya sehemu moja huchukua wiki chache, kuiziba huchukua miezi. Juu ya kazi hiyo kuna wasimamizi: seli zilizofukiwa ndani ya mfupa wenyewe, zaidi ya asilimia 90 ya seli zake zote. Kila moja imejibanza kwenye kitundu chake na kuzishika jirani zake kwa vijimkono vyembamba kama nyuzi. Hizo ndizo huhisi uzito unaoukandamiza mfupa, kisha huagiza pajengwe wapi na pabomolewe wapi.

Seli hizi huishi miaka mingi, nazo huzeeka. Seli iliyozeeka haifi upesi. Hubaki palepale ikimwaga kemikali za kuchochea uvimbe, na kemikali hizo huwaamsha wamung'unyaji na kuwalegeza wajenzi. Kwenye uboho nako, seli changa ambazo zingekuwa wajenzi huelekea kugeuka mafuta. Mwanamke akishakoma hedhi, upungufu wa homoni ya estrojeni huongeza kasi ya uharibifu huo. Kalsiamu ni tofali tu. Fundi akichoka, tofali hulala chini.

Mwaka 2017 watafiti waliziondoa seli zilizozeeka katika panya wazee na mifupa yao ikaimarika. Ndipo watu wakaanza kuchangamkia vidonge vya kwesetini, kemikali ya mimea inayotarajiwa kuziondoa seli hizo. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2024, la wanawake 60 waliokoma hedhi, lilitumia kwesetini pamoja na dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani ya damu. Baada ya wiki 20, kasi ya kumung'unywa kwa mfupa haikupungua ikilinganishwa na waliokosa dawa hizo. Tunawasihi wasomaji wasinunue tumaini hilo kwa sasa.

Kinachosaidia kinajulikana, na mara nyingi huharibikia kwenye utumiaji. Chukueni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 cha mara moja kwa wiki, kinachowazuia wamung'unyaji. Hata kikimezwa sawasawa, kinachoingia mwilini hakifiki asilimia 1. Kikimezwa kwa chai au maziwa, au pamoja na kalsiamu, sehemu kubwa ya hicho kidogo hupotea. Kimezwe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mgonjwa akae wima au atembee dakika 30 bila kula. Akijilaza, kidonge kinaweza kunasa kwenye umio na kuuchoma. Wengi huiacha dawa kwa kiungulia hicho, wakidhani imewakataa.

Kalsiamu nayo ina kipimo chake: mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo. Vidonge visizidi miligramu 500 kwa mkupuo, maana utumbo hauwezi kufyonza vizuri zaidi ya hapo. Na kwa kuwa wale wasimamizi huamshwa na uzito, kutembea, kupanda ngazi na kunyanyua vitu kwa kiasi ni sehemu ya tiba.

Anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa miezi 3 au zaidi aulizie kipimo cha DXA, yaani eksirei ya kupima uzito wa mfupa. Alama ya T ya -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Aliyepungua kimo kwa sentimita 4 tangu ujanani apigwe picha ya mgongo, hata kama hana maumivu.

La mwisho ni denosumabu, sindano ya kila miezi 6 inayowazuia wamung'unyaji. Ikikatwa bila dawa nyingine kushika zamu, mfupa humung'unywa kwa kasi na pingili kadhaa za mgongo zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Aliyepitwa na tarehe asingoje kliniki ijayo. Amwone daktari wiki hiyohiyo.

Wenu,
Wahudumu wa afya ya mifupa