Tusiseme sayansikimu itafundishwa na mama nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu neno nililolisikia kwenye kikao cha wazazi hapa Tanga. Tulikuwa tunaelezwa habari za mkondo wa amali, yaani elimu ya sekondari inayofundisha kazi za ufundi, ule ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024, na kwamba miongoni mwa fani zinazofikiriwa ni upishi na ushonaji. Mzazi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasimama akasema: "Mimi mtoto wangu sikumleta shule ajifunze kupika. Kupika atafunzwa na mama yake." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, lakini ujasiri wa kusimama sikuupata. Nimelala na neno lile siku tatu, ndiyo maana naandika.

Aliyenijia moyoni papo hapo ni mwalimu wangu wa sayansikimu, lile somo la upishi, lishe na ushonaji. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Sisi watoto tulimwita Mwalimu Kimu. Alitufundisha shule ya msingi miaka ya 1980, wakati sabuni ni ya foleni na sare za shule tunazifua kwa majani ya mpapai. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa tangu 1967, na huko sekondari kulikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, kwa hiyo kwenye karatasi somo lake lilikuwa na heshima. Chumbani kwake kulikuwa na majiko mawili ya mkaa, sufuria tatu, kinu, mbuzi ya nazi iliyolegea mguu, na cherehani moja ya mkono. Nazi, unga na uzi mara nyingi vilitoka kwenye kapu lake mwenyewe. Tukimwona anakuja na kapu zito tulijua leo kuna kipindi, tukamkimbilia kumpokea.

Siku ya kisamvu siisahau. Tumekwisha kutwanga, sufuria iko jikoni, mwenzetu mmoja akaifunika kama anavyofanya mama yake ili mkaa usiishe. Mwalimu akaja, akashika mfuniko kwa pindo la kanga, akauweka kando, akatuita sote tuzunguke jiko. "Wanangu, mnauona huu mvuke? Huu ndio unaoondoka na sumu." Akatueleza kwamba jani la muhogo lina sumu ndani yake, kwamba kutwanga kunalivunja jani ili sumu iachie, na kwamba ukichemsha sufuria wazi sumu ile inapanda na mvuke ikaenda zake. Halafu akauliza nani mama yake anafunika. Nusu ya darasa ikanyoosha mikono. Hakumcheka mama wa mtu. Alisema, "Kamwambieni kwa adabu, mwalimu anasalimia, na anaomba sufuria ya kisamvu iachwe wazi."

Mama yangu alipika kisamvu cha nazi tangu akiwa mwali, na sijala kitamu kama kile tena. Lakini hakujua kwa nini hutwangwa. Alijua tu kwamba hutwangwa, kwa sababu bibi naye alitwanga. Hapa ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa kikaoni. Mama alinipa namna, mwalimu akanipa sababu. Siku hizi kisamvu kinauzwa sokoni kimeshasagwa, mkaa ni ghali, wa gesi naye anabana matumizi, kila mtu mkono wake uko kwenye mfuniko. Mwenye namna peke yake, namna ikibadilika, hana pa kushika.

Karanga nazo hivyo hivyo. Alikuwa akitumwagia karanga kwenye ungo tuzichague moja moja: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupa, na kuku usimpe. Tuliona ni uchoyo wa kusumbua watoto. Jina la sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka na karanga, nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, na mwaka 2016 ilipoua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi, nilikaa nikaukumbuka ule ungo. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Sasa fikiria mama anayenunua karanga zilizochakaa kwa kuwa ni rahisi, akazisaga pamoja na mahindi, akamnywesha mtoto wake uji wa lishe kila asubuhi kwa mapenzi yote.

Na ugali wa yanga! Unga wa mahindi ya njano ulipokuja tuliudharau, tukasema ni chakula cha mifugo. Mwalimu Kimu akasonga ugali wake mbele yetu, akala wa kwanza, akasema hiyo rangi mnayoicheka ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, vitamini ya macho. Wengine tukaomba kuongezewa.

Ushonaji niseme kidogo tu, kwa kuwa mimi riziki yangu iko jikoni. Ukimpelekea nguo uliyoshona haangalii mbele. Anaigeuza, anapitisha kidole kwenye mshono upande wa ndani, na uzi ukiwa umelegea anaufumua pale pale anakurudishia. Wavulana aliwapa sindano sawa na sisi, na walipomnunia hakubembeleza. Mmoja wao leo ana mafundi chini yake na anashona sare za shule.

Mimi napika na kuuza chakula Ngamiani huu mwaka wa 19. Kuhesabu sahani moja ya wali inanigharimu kiasi gani, kuanzia mchele na nazi mpaka mkaa na maji ya kuoshea vyombo, nilijifunza kwake, kwenye daftari lililochorwa mistari kwa rula. Wenzangu wengi walioanza nami biashara iliwafia mkononi, na hawakuwa wapishi wabaya. Hawakujua sahani inawatia hasara.

Yule mzee asidhani nazungumzia mambo ya wanawake na sufuria zao. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini mwetu wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako chakula kinalimwa kwa wingi mpaka kinalisha mikoa mingine. Sisemi dawa yake ni upishi peke yake. Maradhi yamo, na kazi nyingi za mama shambani zimo. Lakini mtoto anapodumaa karibu na ghala lililojaa, kuna kitu ambacho mtu hakufundishwa, na baba wa mtoto huyo hakufundishwa vilevile.

Baadaye somo likamezwa ndani ya Stadi za Kazi, na mwalimu akastaafu. Mwaka jana nilipita kwenye shule ile kumfuata mjukuu. Chumba chetu ni stoo. Kimejaa madawati mabovu mpaka dirishani, na ukutani, pale yalipokuwa majiko, alama nyeusi ya moshi bado ipo. Nilisimama mlangoni, mjukuu ananivuta mkono. Cherehani niliiulizia, hakuna aliyejua iliko.

Naomba basi wanaopanga mambo ya amali katika mkoa wetu wasiishie kwenye kuchomelea vyuma na umeme, fani nzuri ambazo sina neno nazo. Upishi na ushonaji viwekwe, vifundishwe na watu wanaojua sababu, na wavulana wasiondolewe. Na kabla ya kulalamika kwamba walimu hakuna, wawatafute wastaafu ambao bado wana nguvu. Wapo. Wangu anakaa upande wa Pongwe, miguu inamsumbua lakini sauti ni ile ile. Nilipomweleza maneno ya kikaoni hakukasirika. Aliniuliza tu huyo mzazi ana watoto wangapi, na wanakula nini asubuhi.

Akaniambia nivute sanduku chini ya kitanda. Mna madaftari 11, maandalio ya masomo ya miaka yote, vipimo vya unga kwa vikombe, michoro ya mikato ya sketi na kaptula, mwandiko safi kabisa. Mengine yameanza kuliwa na mchwa pembeni. Nikamuuliza kama kuna mtu wa shule aliyewahi kuja kuyaomba, akatikisa kichwa. Yeyote anayehusika akitaka kuyaona, mwalimu amekubali. Anikute Ngamiani asubuhi, kabla sijabandika wali, tupande daladala ya Pongwe nimpeleke mwenyewe.

Mwanafunzi wake,
Ngamiani, Tanga