Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Safari za Kwa Mangi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote wanne. Niliomba ruhusa yako kabla ya kukuandikia hadharani, nawe ukanijibu kwamba jirani zako wawili wana swali lilelile la kwa nini chakula kinameza mshahara wote, kwa hiyo barua hii ni yako na yao pia.

Jioni ile nilipokuwa kwako Mbagala nilihesabu safari za binti yako. Alitumwa dukani kwa Mangi akaleta mafuta ya kupima, yamefungwa fundo kwenye kifuko cha nailoni. Akaenda gengeni kufuata nyanya tatu na kitunguu kimoja. Akarudi tena dukani kwa nusu kilo ya sembe, kwa kuwa mimi mgeni nilikuwa nimeongeza mdomo, na giza lilipoingia akatumwa kopo la mkaa, kwa sababu maharage yalikuwa bado magumu baada ya kukaa jikoni saa tatu nzima. Baadaye ukaniambia kwa uchungu kwamba chakula kinameza mshahara wote ilhali hamnunui chipsi wala chakula cha mama ntilie. Nakuamini, maana unapika kila kitu kwa mikono yako. Kinachokuumiza ni kununua kwa vipimo vya siku moja, kwani kila kipimo kidogo kimebeba faida ya muuzaji wa mwisho, na wewe unailipa faida hiyo mara tatu au nne kila jioni.

Najua utasema huna mtaji wa kununua kwa wingi, na sitaki kulipuuza jambo hilo, kwa sababu ndilo linalotukwamisha wengi wetu. Usijaribu kubadilisha kila kitu kwa mwezi mmoja. Anza na mafuta peke yake: mwezi huu andika kwenye daftari kila shilingi ya mafuta ya kupima, kisha ulinganishe jumla yake na bei ya dumu la lita 5. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na ile tofauti niliyoiona niliitia kwenye kibubu mwezi baada ya mwezi hadi ikatosha debe la kwanza la mahindi.

Kwenye mahindi ndipo penye fedha nyingi. Familia yako ya watu sita ikila ugali mara moja kwa siku hutumia takriban kilo moja na nusu ya unga, maana yake gunia la kilo 100 likisagwa dona linawalisha zaidi ya miezi miwili. Nasema dona kwa makusudi: ukikoboa, sehemu ya mahindi uliyoyalipia inabaki mashineni ikiwa pumba, pamoja na kiini chenye lishe. Watoto watanung'unika wiki ya kwanza, kisha watazoea. Ila dona halikai muda mrefu kama sembe, kwa kuwa mafuta ya kile kiini huufanya unga uwe mchungu, hivyo saga debe moja moja na mahindi mengine yakae makavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Nunua kwa mzani, kwa sababu debe lililobonyezwa ubavuni linakuibia huku unalitazama. Wakati mzuri ni baada ya mavuno ya nyanda za juu kusini, kuanzia Juni hivi, mahindi yanapokuwa mengi sokoni na bei imeshuka.

Hapa nina neno moja zito. Yachambue mahindi kwenye ungo, na punje yoyote yenye ukungu au rangi isiyoeleweka itupe, hata kama moyo unauma. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tafadhali, usibane matumizi mahali hapo.

Sasa maharage, ambayo yanakula mkaa wako. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale, kisha chemsha kilo mbili kwa mara moja bila kuyaunga. Yakiiva, yagawe kwenye mabakuli yenye mifuniko na uyaweke kwenye friji: bakuli la kwanza utaliunga kwa kitunguu na nyanya, la pili utalitia kwenye kande, na la tatu utalipika kwa nazi siku ileile mtakayolila, kwa sababu joto la Dar es Salaam huchachusha chakula cha nazi upesi mno. Moto mmoja unakuwa umepika mboga ya siku tatu. Mkaa wenyewe ununue kwa gunia, mgawane na jirani kama bei ni kubwa.

Mboga za majani sina mengi ya kusema. Ukinunua fungu la matembele, chuma majani, na vipande vya mashina yake uvichomeke kwenye viroba vya udongo pale uani; vinashika upesi, na baada ya wiki chache utachuma kwako. Dagaa wa Mwanza nao nunua kwa kilo, uwachambue siku hiyohiyo, uwaanike tena juani, na uwatunze kwenye ndoo yenye mfuniko.

Nimeshazungumza na shemeji yako. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara nitakupitia saa 12 asubuhi twende soko la Tandale, tununue gunia moja la mahindi tugawane nusu kwa nusu, nauli ya bajaji nitailipa mimi. Njoo na viroba viwili vikavu na ule ungo wa mama.

Ni mimi dada yako.