Memori imepanda bei, kompyuta kuukuu ziko stoo

Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia vijana fomu za mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta zangu ni za mtumba. Zikianza kusuasua, dawa ilikuwa kuongeza memori. Siku hizi fundi akishafungua mfuniko na kutaja bei, namwambia afunge tu.

Soko la memori duniani limeshikwa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, nazo zimehamishia nguvu kwenye memori za mitambo ya akili mnemba, kwenye faida nono. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida. Biashara ni biashara, sawa, ila gharama tunaibeba hata tusiowahi kuiuliza hiyo akili mnemba swali hata moja.

Ombi langu ni kwa ofisi za umma hapa mkoani: kompyuta zilizorundikwa stoo zikila vumbi zipigwe mnada mapema. Nyingi zimeungua pawa saplai tu, memori ndani ni nzima. Tutazinunua.

Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma